Somo: Uwanja wa mtaa unalindwaje kabla mabati hayajasimama

Mabati ya kuzingira uwanja husimamishwa Ijumaa usiku. Mnyakuzi wa ardhi anajua mahakama imefungwa hadi Jumatatu, na kufikia hapo msingi umeshachimbwa. Kwa hiyo anzeni kazi wakati watoto bado wanacheza mpira pale.

Hatua ya 1: ramani. Hii ndiyo kazi yenyewe. Katika miji ya Kenya inayokua haraka kama Ruiru au Kitengela, mashamba yamekatwa ploti, na kwenye mchoro kipande kikatengewa umma. Mara nyingi kaunti haikukiandikisha, na hapo ndipo mnyakuzi hupenyea. Pateni nakala ya ramani kwa mpimaji, msome nambari ya ploti, kisha mwulize kwenye rejista ya ardhi imeandikwa jina la nani. Kama haina jina, idaini kaunti iiandikishe.

Hatua ya 2: barua. Iandikieni kaunti kuomba habari za ploti hiyo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, wataapa hawajawahi kukuona.

Hatua ya 3: matangazo. Anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi lazima atangaze, na pingamizi huandikwa ndani ya siku 14. Kwetu tangazo lilibandikwa nyuma ya kioski kilichofungwa, likitazama ukuta. Aliyeliona ni kijana aliyeenda kujisaidia.

Hatua ya 4: Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ombeni amri ya kusimamisha ujenzi. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 Uhuru Park mwaka 1989, kesi ilitupwa kwa kuwa eti hakuwa na haki ya kushtaki. (Jengo halikujengwa, kelele zilitosha.) Leo Kifungu cha 70 cha Katiba hakidai uthibitishe kwamba wewe binafsi umepata hasara.

Miti pandeni, lakini tingatinga haliogopi mche.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, jamaa tayari ana hati miliki. Tumechelewa?*
Hapana. Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na mahakama inaweza kuifuta hati. Ila ramani ya hatua ya 1 mtaihitaji zaidi.

*Mzee wa mtaa anasema mwekezaji atajenga maduka pembeni tu, na atuwekee choo cha umma. Tukubali?*
Pembeni ni wapi? Mwambieni achore kwenye ramani, aandike ni mita ngapi. Kwetu "pembeni" ilimeza goli zima la upande wa barabara. Na choo tunakingoja hadi leo.

*Pesa za wakili tutatoa wapi, mwalimu?*
Barua na pingamizi mnaandika wenyewe. Mchango uanze sasa hivi, daftari likae kwa mtu asiyegombea udiwani.