SOMO: Maabara ya usumaku wa miamba chuoni, anza na chumba

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Kila mara naulizwa, "Tununue magnetomita (kifaa cha kupima usumaku wa sampuli) gani?" Naandika hapa mara moja, anayeuliza mpeni hii.

1. Chumba. Hapa ndipo tulipoharibu. Nondo na mabati tulijua ni adui, tukajenga kibanda mbali na maegesho ya magari: mbao za Mafinga, misumari ya shaba, paa la alumini. Kuta tukaweka matofali ya kuchoma, tukiamini hayana neno. Siku ya kukagua nikapitisha dira taratibu ukutani. Sindano ikacheza, tofali hili kushoto, linalofuata kulia. Kuta zote tulizibomoa. ONYO: kila kinachoingia kipitishiwe dira kwanza: bawaba, kitasa, kiti, hata kokoto za sakafu, maana kokoto za basalti (mwamba mweusi wa lava) zina sumaku. Halafu pima uga wa sumaku (nguvu yake na mwelekeo wake) kila nusu mita kabla hujaweka meza.

2. Kuchoronga sampuli za mwamba: kichwa cha almasi, maji ya kupooza. Kipenyo sentimita 2.5, kata urefu 2.2.

3. Kifaa cha kupima jinsi mwamba unavyoitikia sumaku. Kinunue mapema, kinafaa hata porini.

4. Tanuri la kufuta usumaku, lenye ngao ya aloi ya nikeli na chuma ya kuzuia uga wa nje. Madini ya chuma ndiyo yanayobeba usumaku: magnetiti huishiwa usumaku kwenye nyuzi 580 za Selsiasi, hematiti karibu 680, kwa hiyo lifike 700. Sampuli ipoe ndani ya ngao. Ukiipoza mezani, inabeba uga wa leo na kazi yote imepotea.

5. Magnetomita ya kuzungusha sampuli. Kwa lava za Rungwe inatosha. Ile inayopozwa kwa heliamu ya kimiminika ni mzigo mwingine kabisa.

MASWALI

Mdau wa Iringa: Sisi tuna chumba ghorofani, kinafaa?
Jibu: Ghorofa lina nondo. Soma namba 1.

Mdau wa Iringa: Lakini dira yetu inasoma vizuri tu.
Jibu: Umeisimamisha sehemu moja. Itembeze ukutani na sakafuni, kisha urudi.

Mdau wa Njombe: Samahani mwalimu, udongo haunasi sumaku, tofali linaipata wapi?
Jibu: Swali zuri sana. Udongo una madini ya chuma. Moto wa tanuri unayabadilisha, na tofali likipoa linashika mwelekeo wa uga wa dunia wa siku hiyo. Fundi akijenga analigeuza anavyotaka, ndiyo maana kila moja lilivuta kwake. Lava inapopoa hufanya vivyo hivyo.

Mdau wa Tukuyu: Sampuli zangu za kileleni zina usumaku mkali na kila moja inaelekea kwake.
Jibu: Nashuku radi. Mkondo wake husumakisha mwamba upya. Shuka bondeni, tafuta mwamba uliochimbuliwa karibuni na mto au barabara.

Mdau wa Tukuyu: Asante. Na dira juu ya basalti?
Jibu: Usiiamini peke yake. Simamisha kijiti, soma kivuli cha jua, andika saa na dakika.