Kurudi kwenye mazoezi baada ya saratani ya matiti bila kuuogopa mkono

Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, Dar es Salaam. Kina mama wanaomaliza matibabu ya saratani ya matiti hunijia na agizo lilelile walilopewa na ndugu, majirani, wakati mwingine hata na sisi wahudumu wa afya: mkono wa upande uliopasuliwa usiguse kazi. Wanautunza kama yai. Baada ya miezi kadhaa bega limekaza, hata kilemba hakifungiki, na misuli imelegea kiasi kwamba ndoo ya kwanza wanayolazimika kuibeba ndiyo inayouvimbisha mkono. Silikubali agizo hilo. Hapa naeleza ninavyowapeleka wale ambao kidonda kimepona na mrija wa kutoa majimaji umeshaondolewa.

Hatua ya 1: Ruhusa ya daktari

Muulize habari za moyo na mifupa. Dawa za saratani kama doxorubicin na trastuzumab zinaweza kudhoofisha moyo, na vidonge vya letrozole na anastrozole hupunguza uimara wa mifupa. Kama saratani imefika kwenye mifupa, usifuate maandishi haya. Tafuta mtaalamu akuone ana kwa ana.

Hatua ya 2: Kutembea

Anza na dakika 10 asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Ongeza taratibu hadi dakika 30. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, lakini hata nusu yake ina faida. Ule uchovu unaobaki baada ya kemo (dawa kali za kuua saratani) hauishi kwa kulala, kutembea huupunguza. Kama paclitaxel, mojawapo ya dawa za kemo, imekuachia ganzi nyayoni, vaa viatu vya kufunga, si ndala.

Hatua ya 3: Kulegeza bega

Lala chali juu ya mkeka, shika mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili, uupeleke juu hadi nyuma ya kichwa. Mkono mzima unauongoza ule mwingine. Kisha simama ukiutazama ukuta, pandisha vidole taratibu, weka alama ya chaki pale vilipoishia. Fanya kila siku, ukivutika lakini bila maumivu makali. Ukihisi kitu kama kamba iliyokaza kutoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko, usiogope na usiache. Huwatokea wengi baada ya tezi za kwapani kuondolewa, na huachia kwa kunyoosha. Waliopigwa mionzi waendelee hata bega likishafunguka, kwa sababu nyama iliyochomwa na mionzi huendelea kukaza kwa miezi, hata miaka.

Hatua ya 4: Tepu na daftari

Nunua tepu ya fundi cherehani. Pima mikono yote miwili asubuhi: kwenye kifundo, sentimita 10 chini ya kiwiko, na sentimita 10 juu yake. Andika. Rudia kila wiki, sehemu zilezile. Mkono unaoutumia zaidi huwa mnene kidogo kwa asili, kwa hiyo unachotafuta ni badiliko. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita 2, nenda ukaonwe. Kukadiria kwa macho sikuamini hata kidogo; macho huchelewa.

Hatua ya 5: Kuupa mkono mzigo

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mimi hapa sina haraka.

Hofu ina chanzo chake. Tezi za kwapani zikitolewa au kupigwa mionzi, maji ya limfu, yale majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi hizo, hupungukiwa njia, na mkono unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Kwa muda mrefu madaktari waliona salama ni kuupumzisha. Mwaka 1996 daktari Don McKenzie wa Vancouver, Kanada, aliwafundisha wanawake waliotibiwa saratani ya matiti kupiga kasia kwenye mitumbwi mirefu, akawafuatilia mikono. Hakuna aliyepata uvimbe mpya. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake, Marekani, wakachapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono ilikuwa imeshavimba. Waliobeba vyuma mara 2 kwa wiki hawakuvimba zaidi kuliko wasiobeba, na hali iliwazidia mara chache zaidi. Siri yao ilikuwa kuongeza uzito kidogo kidogo, na hilo ndilo nalisisitiza.

Tumia chupa za maji. Mipira ya kuvuta siipendi kwa kazi hii, kwa kuwa huwezi kujua leo umevuta kilo ngapi. Maji hayadanganyi: nusu lita ni nusu kilo. Chukua chupa tupu ya lita moja na nusu, tia maji nusu lita. Kunja kiwiko mara 10, inua chupa mbele hadi usawa wa bega mara 10, kisha inama kidogo uivute kando ya mbavu mara 10. Pumzika, rudia. Malizia kwa kuusukuma ukuta. Mara 2 kwa wiki, usifanye siku mbili mfululizo.

Ukimaliza vipindi viwili kwa uzito uleule bila mkono kubadilika, ongeza robo lita. Chupa ikijaa, hamia kwenye kidumu cha lita 3, kisha cha lita 5, nacho kianze na maji kidogo.

Misuli kuuma kesho yake ni kawaida, na huuma mikono yote miwili. Kinachonitia wasiwasi ni mkono mmoja kuwa mzito, pete kubana, mkono wa blauzi kukaza, au kidole kikibonyeza kuacha shimo. Hapo rudi kwenye uzito wa nyuma. Isipotulia ndani ya wiki, nenda hospitali. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, nawe una homa, usingoje hata siku moja. Hayo ni maambukizi.

Ambaye ameshavimba afanye mazoezi haya akiwa amevaa soksi ya mkono, ile ya kubana, aliyopimiwa. Bandeji ya duka la dawa usijifunge mwenyewe: ikibana sehemu moja, maji hurundikana chini yake.

Na kazi za nyumbani? Zihesabu. Mama mmoja muuza chapati alikuwa anaandika vipimo vyake ukurasa wa nyuma wa daftari la madeni. Wiki zote namba zilitulia, kisha Jumatatu moja sehemu ya chini ya kiwiko ikapanda. Mazoezi yalikuwa yaleyale. Tulipoipitia wiki yake, tukakuta oda ya harusi: alikanda unga saa nzima-nzima bila kupumzika. Akaniuliza, “Dokta, si uniambie tu niache biashara?” Nikamwambia, “Hapana mama yangu, unga utaukanda. Ila ugawe mafungu madogo, na kila fungu likiisha, inua mkono juu, ukunje na kukunjua ngumi.” Namba zikashuka. Ndivyo na kufua, kutwanga, kukuna nazi: kinachoutesa mkono ni kurudia jambo moja kwa muda mrefu kabla haujazoea. Ndoo ya lita 20 ije baada ya kidumu cha lita 10 kuwa chepesi kwako.

Ukikosa mazoezi wiki nzima kwa ugonjwa, msiba au safari, usianzie pale ulipoachia. Punguza maji hadi nusu, upande tena robo lita kwa robo lita.