Somo: Kusoma picha na sauti katika tamthilia, kwa mfano wa Chernobyl

Wengi tukiulizwa kuhusu tamthilia tunasimulia nani kafanya nini. Leo tutafute kile ambacho hakuna mhusika anayekitamka. Mfano ni Chernobyl (2019), tamthilia ya sehemu 5 kuhusu ajali ya kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, iliyoandikwa na Craig Mazin na kuongozwa na Johan Renck. Nimeichagua kwa sababu adui wake ni mionzi, kitu ambacho kamera haiwezi kukipiga picha.

Hatua ya 1. Chagua tukio fupi. Tuchukue sehemu ya 4, askari wanapopanda paani mwa kituo kutupa vipande vya grafiti, kaboni nyeusi yenye mionzi iliyorushwa na mlipuko kutoka ndani ya kinu cha nyuklia.

Hatua ya 2. Funga macho usikilize. Kinachotawala ni pumzi za askari ndani ya barakoa na kipima mionzi kinachokereza bila kukoma. Adui asiyeonekana kapewa sauti, basi hahitajiki mtu wa kusema "hapa pana hatari".

Hatua ya 3. Sasa zima sauti, tazama. Kamera inamfuata askari mmoja bila kukatwa. Amepewa sekunde 90 za kuwa paani, nasi tunazikaa zote pamoja naye. Mhariri angekatakata picha, tungepata upenyo wa kupumua. Anapojikwaa, nawe umenasa humo humo.

Hatua ya 4. Angalia kipi kinatangulia, picha au sauti. Kwangu hapa ndipo penye utamu. Rudi sehemu ya 1, usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Mlipuko hatuuoni kwa karibu. Tuko nyumbani kwa Lyudmilla, mke wa mzimamoto, mwanga unamulika kwa mbali dirishani, kimya, kisha kishindo kinatikisa nyumba. Katika kile kimya sisi tumeshajua, mwenye nyumba bado.

Hatua ya 5. Andika sentensi moja inayotaja mbinu, kisha inachomfanyia mtazamaji. "Muziki ni wa huzuni" haitoshi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mbona muziki wake unavuma kama mtambo?
Jibu: Ni mtambo kweli. Mtunzi Hildur Guðnadóttir alirekodi sauti ndani ya kituo cha nyuklia cha Ignalina, Lithuania, kilichokwishafungwa, chenye vinu vya nyuklia vya aina ya RBMK, muundo wa Kisovieti, kama vya Chernobyl. Akazigeuza muziki, na mwaka 2019 ukampa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani.

Swali: Ile rangi ya kijani iliyofifia ina maana gani?
Jibu: Rangi haina kamusi, ndugu yangu. Ilinganishe na matukio mengine ya humo humo. Pale darajani usiku, majivu yanaanguka taratibu kwenye mwanga mzuri na watoto wanayachezea. Uzuri huo ndio unaotisha.

Swali: Na hizi tamthilia zetu, mtu akikunja uso tu kinanda kinalia?
Jibu: Tazama tukio hilo bila muziki. Likibaki na nguvu, kinanda kilikuwa ziada.

Swali: Na likipoa je?
Jibu: Basi mwiteni mwandishi, mpiga kinanda mwacheni.