Jinsi ya kuhamia Greenland na Erik Mwekundu

Kwanza vua hiyo kofia ya pembe. Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, hawakuivaa. Upanga, kama unao, chukua, ila mundu na fyekeo ndivyo vitakavyokulisha. Tunafuatana na Erik Thorvaldsson, kiangazi cha mwaka 985 au 986, kutoka magharibi ya Iceland. Mimi nilianza kusoma habari zake nikitafuta vita, nikanogewa na ng'ombe.

Mjue unayemfuata. Baba yake alifukuzwa Norwei kwa kuua watu. Yeye akafukuzwa Haukadalur, huko Iceland: watumwa wake waliporomosha udongo juu ya shamba la jirani, wakauawa, naye akamuua aliyewaua. Akahamia visiwa vya Breidafjord, akamwazima Thorgest mbao za viti vya nyumbani. Alipozidai hakupewa. Akaenda kuzichukua mwenyewe, ugomvi ukazuka, wana wawili wa Thorgest wakafa. Baraza la Thorsnes likamfukuza nchini miaka 3. Kwa hiyo usiazime kitu chake, na chako usimwazime.

Lakini tumpe haki yake. Miaka hiyo 3 hakukaa kununa. Alizunguka pwani ya Greenland, akaingia hori (mikono ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu) moja baada ya nyingine akitazama wapi pana malisho. Aliporudi akaiita Greenland, yaani Nchi ya Kijani, akisema watu watavutiwa na jina zuri. Ni maneno ya dalali, ila si uongo mtupu: kule ndani ya hori za kusini-magharibi, mbali na upepo wa bahari, majani huota kweli.

Chombo: usichukue meli ndefu ya vita. Tafuta knarr, jahazi la mizigo, pana na lenye tumbo. Moja iliyotolewa majini Roskilde, Denmark, mwaka 1962, ilikuwa na urefu wa karibu mita 16 na iliweza kubeba tani 24 hivi. Kagua kalafati: mbao zimepandana, zimefungwa kwa misumari ya chuma, na kwenye maungio pamesokotwa manyoya ya wanyama na lami. Pitisha kidole. Kikitoka kimelowa, rudi kwa fundi. Tanga ni la sufu. Katikati chombo kiko wazi, na hapo ndipo wanyama watasimama. Mvua ikinyesha mtanyeshewa pamoja. Mimi ningepakia mitamba na ndama, madume makubwa ningeyaacha, maana kila mdomo unataka maji na nyasi hadi ng'ambo.

Njia: dira hakuna. Anzia rasi ya Snæfellsnes, elekea magharibi. Uone jinsi wenzetu walivyokuwa wakipima bahari: maelekezo yao ya zamani ya kutoka Norwei hadi Greenland yanasema upite kusini ya visiwa vya Faroe kiasi kwamba bahari ionekane imefika nusu ya milima, kisha upite mbali na Iceland, lakini si mbali mno, uendelee kukutana na ndege na nyangumi wake. Hiyo ndiyo ramani.

Sasa jambo gumu. Vyombo vilivyong'oa nanga ni 25, vilivyofika ni 14. Vingine vilirudi, vingine vilipotea baharini. Sina mbinu ya kukupa hapo.

Ukifika, Erik atakuwa amejichukulia Brattahlid, pahali pazuri kuliko pote. Usibishane naye. Tafuta kipande chako kandokando ya hori, halafu usijenge, usivue, usiwinde: kata nyasi. Muulize Floki Vilgerdarson. Miaka mingi kabla ya Erik, alikwenda Iceland na kunguru wake 3 wa kumwonyesha njia, akakuta samaki tele, akavua kiangazi kizima bila kukumbuka nyasi. Majira ya baridi mifugo yake yote ikafa. Akapanda mlima, akaona hori limejaa barafu, akaipa nchi jina la Barafu, yaani Iceland, kwa hasira. Kukosa nyasi ndiko kulikoipa nchi jina baya.

Nyasi zikishakauka na kuingia ndani, jenga zizi kwa mawe na udongo wenye majani, kuta nene, ndipo ujenge nyumba. Wanyama watakaa humo miezi mingi. Nyama itatoka kwa sili na kulungu wa barafuni. Pembe za walarasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu, weka, ndizo fedha yako meli za Norwei zikija, kwani chuma lazima ununue.

Miti ya kupasua mbao haipo. Kuna magogo yanayoletwa na mkondo wa bahari, ukiwahi. Kwa hiyo mbao za viti vyako vya Iceland zipakie zote. Akija jirani kuziazima, mwambie zimeoza.