Somo: Namna ya kutaja idadi ya watu waliomo ndegeni mnara wa kuongozea ndege unapouliza

Wengi wenu mmewahi kusikiliza rekodi za redio za ndege iliyopatwa na dharura. Rubani anaeleza tatizo lake, mwongoza ndege anamfungulia njia, kisha linakuja swali: mko watu wangapi, na mafuta yamebaki kiasi gani? Kwa asiyezoea, swali hilo linasikika kama mtu anapimiwa sanda angali hai. Kumbe ni swali la kazi tu, na jibu lake linatakiwa liwe limeshaandikwa kwenye karatasi iliyo pajani mwa rubani kabla injini haijawashwa. Rubani anayeanza kuhesabu watu baada ya kuulizwa ameshachelewa.

Hatua ya 1: Hesabu ukiwa bado chini

Kinachoulizwa ni watu, wala si abiria. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Marubani wa zamani husema "roho", na neno hilo lina faida yake: kila mwenye pumzi humo ndani anahesabiwa. Abiria, wahudumu, rubani mwenza, fundi aliyepewa kiti cha ziada kule mbele, na wewe mwenyewe.

Nilipokuwa najifunza, mwalimu wangu aliniuliza tukiwa angani tuko wangapi. Nikajibu, "Mmoja." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani kati yetu hayupo. Nilikuwa kama yule wa hadithi aliyehesabu punda wake, akasahau anayempanda.

Kwenye ndege kubwa, mtego ni watoto wachanga. Mtoto aliye chini ya miaka miwili mara nyingi husafiri akiwa amepakatwa, hana kiti. Ukihesabu viti vilivyokaliwa, umemwacha. Ndiyo maana karatasi ya mizigo na uzani humwandika pembeni: abiria 150 na wachanga 2, kwa mfano. Ongeza marubani 2 na wahudumu 4, unapata 158. Andika hiyo 158, izungushie duara. Na kama mlango umefunguliwa tena dakika ya mwisho, abiria mmoja akashuka au akaongezwa, futa uandike upya. Usiseme utakumbuka. Hutakumbuka.

Hatua ya 2: Iache namba mahali inapoweza kupatikana bila wewe

Fomu ya mpango wa safari ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ina kipengele cha 19, na humo herufi E ni muda ambao mafuta yataichukua ndege, kwa saa na dakika, na herufi P ni idadi ya watu wote. Kama idadi bado haijajulikana unapowasilisha fomu, unaandika TBN, maana yake itajulishwa baadaye.

Sasa jambo ambalo hata marubani wenye leseni hulisahau: kwa kawaida kipengele hicho cha 19 hakitumwi pamoja na mpango kwa vituo vyote vya njiani. Hubaki pale ulipowasilisha fomu, kikisubiri kuombwa. Mwongoza ndege anayezungumza nawe anaona utambulisho wako, aina ya ndege, kimo na njia. Wewe na nani mmo ndani, haoni. Akihitaji haraka, njia fupi ni kukuuliza.

Kwa wenye ndege ndogo wanaoruka bila mpango rasmi, mwachie namba mtu wa uwanjani kwa redio au simu kabla ya kuondoka. Waokoaji wakifika eneo la ajali na kukuta watu watatu, lazima wajue kama watafute wa nne porini au wageuke nyumbani.

Hatua ya 3: Ndege kwanza, maneno baadaye

Mpangilio ni ule ule wa siku zote: irushe ndege, ielekeze unakotaka, ndipo uongee. Ukiulizwa wakati mikono imejaa, sema "subiri" na uendelee na kazi. Hakuna mwongoza ndege mwenye akili atakayekasirika.

Na ukitangaza dharura mwenyewe, usianze na idadi ya watu. Anza na Mayday mara tatu, au Pan-pan mara tatu kama hali ni ya haraka lakini haijafikia hatari ya kupoteza maisha. Kisha unayemwita, jina la ndege yako, tatizo, unachokusudia kufanya, ulipo, kimo na mwelekeo. Watu na mafuta hufuata. Kwa Kiswahili cha darasani ingekuwa hivi:

"Mayday, Mayday, Mayday. Mnara, hapa Alfa Bravo Charlie. Injini imezimika. Natua uwanda ulio kaskazini mwa njia ya kurukia. Niko maili tatu, futi elfu mbili, naelekea tatu-nne-sifuri. Watu wawili. Mafuta ya saa moja na nusu."

Ukikatika baada ya "kaskazini mwa njia ya kurukia", tayari wanajua pa kukutafuta. Ungeanza na idadi ya watu halafu ukakatika, wangejua ni wangapi wa kuwatafuta mahali wasipopajua.

Hatua ya 4: Tarakimu moja moja, na kipimo chake

Redio za ndege zina mkwaruzo, na kwa Kiingereza cha redio kumi na tano na hamsini hukaribiana mno masikioni. Kwa hiyo 158 ni "moja, tano, nane". Utaratibu wa kimataifa hata umebadilisha matamshi: tatu ya Kiingereza hutamkwa "trii", tano "faifu", tisa "naina", ili zisichanganywe na nyingine.

Kila namba itaje na kitu chake. "Watu moja, tano, nane. Mafuta saa mbili na dakika kumi." Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna tukio la kweli linalonirudia kila ninapofundisha hatua hii. Tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair namba 111, aina ya MD-11, ilikuwa ikitoka New York kwenda Geneva moshi ulipoingia chumba cha marubani. Wakielekezwa Halifax, Kanada, mwongoza ndege aliwauliza idadi ya watu na kiasi cha mafuta. Idadi ya watu haikujibiwa. Mafuta walisema tani 230. Wachunguzi baadaye walibaini kwamba 230 ulikuwa uzito wa ndege nzima kwa wakati ule, si mafuta.

Sisemi kwamba jibu hilo lilibadilisha chochote. Moto ndio ulioiangusha ndege baharini, wakafa watu wote 229, abiria 215 na wafanyakazi 14. Ninachokionyesha ni kwamba wale walikuwa marubani wazoefu, na bado ulimi uliokota namba iliyokuwa karibu. Namba iliyoandikwa pajani pamoja na neno "WATU" mbele yake haikosewi kirahisi hivyo.

Kuhusu kipimo cha mafuta: mwongoza ndege anapenda muda, kwa sababu anataka kujua una dakika ngapi za kuzungushwa. Zimamoto wanapenda kilo au tani, kwa sababu wanataka kujua ni kitu kikubwa kiasi gani kinaweza kuwaka. Ukiwa na nafasi, toa vyote viwili. Ukiwa na nafasi ya kimoja, toa muda. Kisha, kama kuna wasioweza kutembea au mzigo wa hatari, ongeza.

Hatua ya 5: Namba haiishi kazi mkishatua

Hii ni fupi kuieleza, ngumu kuitenda. Januari 15, 2009, ndege ya US Airways namba 1549 ilitua juu ya mto Hudson ikiwa na abiria 150 na wafanyakazi 5. Vivuko viliwaokota na kuwapeleka wengine upande wa New York, wengine upande wa New Jersey. Rubani mkuu, Sullenberger, alipita ndani ya ndege mara mbili kabla ya kutoka, lakini hakuwa na njia ya kuwahesabu waliotawanyika kingo mbili za mto. Ilibidi hesabu zikusanywe kutoka pande zote mbili mpaka zitimie 155. Bila kuijua 155 tangu mwanzo, hesabu hiyo isingekuwa na mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi wa urubani: Mwalimu, shikamoo. Kwa nini mnara usichukue tu orodha ya abiria kutoka shirika la ndege? Kila kitu kiko kwenye kompyuta.

Marahaba. Orodha iko kwa shirika, si kwa mnara, na kuipata ni kupiga simu, kumtafuta mwenye zamu na kumsubiri. Wataipiga hiyo simu pia, baadaye. Lakini namba ya rubani huja kwa sekunde tano, na ndiyo inayozingatia yule aliyeshuka dakika ya mwisho.

Msafiri tu: Ndugu mwalimu, nilisikia wanasema "roho" kwa sababu maiti husafirishwa kwenye shehena, wasije wakahesabiwa. Ni kweli?

Maiti kweli hahesabiwi. Yumo kwenye hati za mizigo. Lakini sababu ya neno hilo sidhani ni hiyo. Mabaharia walikuwa wakihesabu roho merini kabla ndege hazijabuniwa, na usafiri wa anga umerithi maneno mengi ya bahari, kuanzia "kapteni" mwenyewe. Na kwa kuwa umegusa roho: SOS, ile ishara ya kuomba msaada, haikutungwa kama kifupi cha "okoa roho zetu". Ilikubaliwa Berlin mwaka 1906 kwa sababu mlio wake kwa Morse hautatanishi. Tafsiri ya roho ilibandikwa baadaye.

Mhudumu wa ndege: Na mama mjamzito?

Mmoja. Anahesabiwa aliyezaliwa.

Msafiri tu: Mbwa je?

Hayumo kwenye namba. Ila kama ni mbwa mkubwa yuko kabinini, mimi ningewaambia zimamoto. Hakuna anayependa kukutana naye gizani kwenye moshi.

Rubani wa helikopta: Kaka, sisi tunaokwenda kwenye mitambo ya mafuta baharini tunataja idadi kila safari, hata siku njema. Mbona wa ndege kubwa hawafanyi hivyo?

Kwa sababu mwenzetu ukianguka, unaanguka majini, na dakika za mtu kwenye maji ya baridi ni chache. Mwokoaji hawezi kusubiri simu ya shirika. Ndege kubwa namba yao ipo kwenye hati, na masafa yenye ndege ishirini yangejaa hesabu tupu. Utaratibu wenu ni mzuri, msiuache.

Mwanafunzi wa urubani: Nikigundua nimetaja namba isiyo sahihi?

Sema "sahihisho", kisha taja namba nzima upya. Usiseme "ongeza mmoja". Aliyeko upande wa pili huenda hakuisikia ile ya kwanza, au ameshaipitisha kwa zimamoto, na sasa kuna namba mbili zinazozunguka.

Mwanachama mpya: Mimi narusha ndege ya wanaoruka kwa miavuli. Tunaondoka watu 14, mimi nikiwemo, narudi peke yangu. Mpango wa safari unasema 14. Nikipata dharura nikirudi, niseme ngapi?

Swali zuri kuliko yote ya leo. Sema walio ndani wakati huo: mmoja. Kisha ongeza kwamba wengine wameshashuka kwa miavuli, kwa sababu mwenye karatasi anaona 14 na anaweza kuagiza watu kumi na watatu wa ziada watafutwe kwenye mabaki. Ikikupata kabla hawajaruka, ni 14. Ikikupata katikati, saba nje na sita bado mlangoni, nenda hatua ya 3: irushe ndege, waache walio salama kuruka waruke kama kimo kinaruhusu, kisha geuka nyuma, uwahesabu kwa macho, ndipo ubonyeze redio.