Somo: Kumtambua nyoka kipofu, anayedhaniwa nyungunyungu

Karibuni. Leo namleta nyoka ambaye wengi tumemfukua pamoja na udongo wa maua tukamtupa tukijua ni nyungunyungu, au tumemponda kwa kisigino tukidhani ni mtoto wa nyoka mkali. Kisayansi anaitwa Indotyphlops braminus. Inaniuma kuona anauawa kwa sababu ya kufananishwa tu, kwa hiyo tuanze.

Hatua ya kwanza: usimshike. Huyu hana sumu, ndiyo, lakini bado hujajua kama ndiye. Msukume taratibu kwa kijiti aingie kwenye chombo cha kioo, ukipeleke penye mwanga.

Hatua ya pili: tazama ngozi na mwendo. Nyungunyungu ana pingili na utelezi, na akitembea hurefuka kisha hufupika. Nyoka kipofu harefuki. Hujipinda upesi huku na huku, na ngozi yake ni kavu, inang'aa kama iliyopakwa mafuta: nyeusi, kahawia au kijivu. Akikaribia kujivua gamba rangi hupauka ikaelekea samawati, na hapo wengi hupotea. Mara nyingi urefu wake hauzidi sentimita 17.

Hatua ya tatu: kichwa ni kipi? Ncha zote mbili ni butu, shingo hana. Subiri ulimi. Ukichomoza na kurudi, basi huyo ni nyoka, na kichwa umeshakipata. Ukiwa na lenzi utaona vitone viwili vyeusi chini ya magamba. Hayo ndiyo macho, yanayojua mwanga na giza tu. Upande wa pili, mkia unaishia kwa kimwiba kidogo.

Hatua ya nne, ambayo naomba mtu asiiruke: tumbo. Inua chombo umtazame kwa chini. Nyoka wengi wana magamba mapana tumboni, yamepangwa kama vidato vya ngazi. Nyoka kipofu hana. Magamba yake yanafanana mgongoni na tumboni, madogo na laini, safu 20 kuuzunguka mwili. Nasisitiza kwa sababu Afrika na Mashariki ya Kati wapo nyoka wa jenasi ya Atractaspis, nao ni wachimbaji, wengi weusi, wana macho madogo, na wanapokuwa wachanga ni rahisi kuwachanganya na huyu. Hao wana sumu. Meno yao huchomoza pembeni bila kufungua mdomo sawasawa, kwa hiyo hata ukimbana nyuma ya kichwa atakuchoma. Ukiona magamba mapana, au usipoona vizuri, mwache.

Sasa maisha yake. Hula mayai, viluwiluwi na mabuu ya sisimizi, na mchwa pia. Lakini linalonishangaza kila nikilifikiria ni hili: wote ni majike. Jike hutaga mayai machache bila kupandwa na dume, na watoto wanaototolewa ni majike kama mama yao. Ndiyo maana mmoja tu akijificha kwenye mizizi ya mche unaosafirishwa anatosha kuanzisha ukoo mzima huko uendako. Asili yake inadhaniwa kuwa Asia ya Kusini, na leo yuko Afrika, Australia, Amerika na visiwa vya Pasifiki.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nilimshika akanichoma na mkia. Je, ule mwiba una sumu?*
Hauna, ndugu yangu. Huutumia kujikita kwenye udongo anaposonga mbele, na akishikwa huukandamiza mkononi. Anaweza pia kutoa majimaji yenye harufu mbaya. Nawa mikono, yamekwisha. Ila umeiruka hatua ya kwanza.

*Nimekuta watatu kwenye chungu kimoja cha maua. Watakula mizizi?*
Hawagusi mmea hata kidogo. Wamefuata sisimizi au mchwa, kwa hiyo chunguza udongo huo. Huenda mmea una wageni usiowajua.

*Ni kweli huingia sikioni mtu akilala?*
Hapana. Hufuata harufu ya viota vya wadudu, na sikioni hakuna anachokitafuta. Mvua kubwa ikijaza maji ardhini hupanda juu, ndipo huonekana sakafuni.

*Nikimkuta ndani nifanyeje?*
Mpitishie karatasi ngumu chini yake, mtoe nje, umweke kwenye udongo wenye unyevu chini ya majani makavu. Usimwache juani. Atazama mwenyewe.