Onyo la mafuriko ya Kyela lianzie Rungwe

Maji yanayovamia nyumba za Kyela mara nyingi hayakunyesha Kyela. Yamenyesha Rungwe, wilaya ya milimani iliyo juu yake, yakateremka na mito kama Kiwira na Mbaka kuelekea Ziwa Nyasa. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inakueleza kwamba mvua kubwa inakuja, yaani zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Haikuelezi mto utafika wapi kijijini kwako. Hilo linahitaji vipimo vya hapa hapa na watu wa kuvisoma.

Anza mlimani. Kipima mvua kikae uwanjani, mbali na mti au paa angalau mara mbili ya kimo cha mti au paa hilo. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, na pasiponyesha iandikwe 0, maana nafasi tupu daftarini haionyeshi kama palikuwa na jua au msomaji alikwenda mnadani. Mvua ikipiga mfululizo, asome kila saa bila kumwaga. Kumwaga ni asubuhi tu, la sivyo jumla ya siku inapotea.

Mtoni, simika vibao vya mita 1 kila kimoja vyenye alama kila sentimita 2, kwenye chuma kilichozamishwa ndani ya zege. Chagua sehemu mto uliponyooka. Usifunge kibao kwenye nguzo ya daraja: maji hujikusanya hapo na kipimo kinadanganya. Chonga pia alama ya kudumu kwenye mwamba ulio juu ya mto, ili mafuriko yaking'oa kibao ujue sifuri ilikuwa wapi.

Kiwango cha hatari usikiazime mto mwingine. Waulize wazee maji yalifika wapi ukutani mwaka ule mbaya, kisha hamishia alama hiyo kwenye kibao kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, ule ule wa mafundi waashi. Hakikisha hauna mapovu. Povu moja linaharibu kipimo.

Halafu hesabu muda. Wimbi la mafuriko likienda mita 2 kwa sekunde, hukata takriban kilomita 7 kwa saa, hivyo kilomita 28 kutoka kipimo cha juu hadi kijijini ni saa 4. Toa saa 1 ya kusubiri usomaji na nusu saa ya kupigiana simu: zimebaki saa 2 na nusu za kuhamisha watoto, wagonjwa na mifugo. Usiku zinapungua zaidi.

Ujumbe uwe amri inayoeleweka: "Kitongoji chote cha bondeni, nendeni shuleni sasa, msivuke mto." Milimita ziachie kamati ya maafa. Mvua kubwa huondoka na umeme na mtandao, kwa hiyo kila mwenyekiti wa kitongoji awe na filimbi, na kengele ya kanisa au kipaza sauti cha msikiti chenye betri viwe na mlio uliokubaliwa. Maji yasipofika, waeleze watu siku hiyo hiyo kwa nini, vinginevyo mara ya pili hawatainuka.

Kwenye miteremko kama ya Kawetere jijini Mbeya, iliyoporomosha tope Itezi Aprili 2024, jumlisha mvua za siku kadhaa, siyo ya jana tu. Nyufa mpya ardhini, miti inayoinama na chemchemi iliyogeuka tope ni amri ya kuhama bila kusubiri simu.

Fanyeni jaribio Oktoba, kabla ya msimu, na lifanyike usiku. Pimeni dakika kuanzia simu ya kwanza hadi mtu wa mwisho aingie darasani, na mhakikishe funguo za shule zina nakala kijijini.